Namna ya Kuisoma Bajeti ya Halmashauri Iliyobanwa na Kutambua Huduma Itakayoumia

Wananchi wengi hupata habari za upungufu wa fedha katika halmashauri yao siku wanapokuta maktaba imefungwa au gari la taka halikupita, ilhali uamuzi uliosababisha hali hiyo ulikwisha kupitishwa na madiwani miezi mingi kabla, mara nyingi katika kikao kilichokuwa wazi kwa umma. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuuona uamuzi huo mapema, wakati bado unaweza kubadilishwa.

Anza kwa kutafuta nyaraka tatu: makisio ya mwaka ujao, bajeti ya mwaka huu na taarifa ya matumizi halisi ya mwaka uliopita. Makisio yakisomwa peke yake hupotosha. Tuseme kifungu cha usafi kimeongezwa kwa asilimia 3, huku mishahara na mafuta yakiwa yamepanda kwa asilimia 6. Kwa maandishi fedha zimeongezeka, lakini kwa vitendo magari yatapita mara chache zaidi. Kwa hiyo kila tarakimu ilinganishe na ya miaka iliyotangulia, na pia na kupanda kwa bei.

Kisha tazama mapato. Yatenganishe yale ambayo halmashauri hukusanya yenyewe, kama vile kodi za majengo, ada na tozo, na ruzuku zinazotoka serikali kuu, kwa sababu ruzuku yenye masharti haiwezi kuhamishiwa matumizi mengine. Ndiyo maana halmashauri inaweza kujenga jengo jipya na papo hapo ikakosa fedha za kuwalipa watakaofanya kazi ndani yake.

Hatua inayostahili muda wako mwingi ni kutenganisha huduma zinazolazimishwa na sheria na zile zilizoachwa kwa hiari ya halmashauri. Nchini Uingereza, kwa mfano, matunzo ya watu wazima wasiojiweza na ulinzi wa watoto ni wajibu wa kisheria, na mahitaji yake yamekuwa yakiongezeka mwaka hadi mwaka. Matokeo yake ni kwamba makato huelekezwa kwenye bustani, vituo vya vijana na utamaduni. Hata maktaba hazikunusurika, ingawa sheria ya mwaka 1964 inazitaja kuwa wajibu, kwa kuwa sheria hiyo haikuweka idadi ya maktaba wala saa za kuzifungua. Hapa pana funzo kwa msomaji wa bajeti popote alipo: usiulize tu kama huduma inalindwa na sheria, bali uliza sheria inalinda kiwango gani cha huduma hiyo. Wajibu usio na kiwango hupunguzwa polepole hadi ukabaki jina.

Makato makubwa aghalabu hayaandikwi kama makato. Yatafute katika nafasi za kazi zilizoachwa wazi, katika ada zilizopandishwa, na hasa katika matengenezo yaliyoahirishwa, ambayo naamini ndiyo makato mabaya kuliko yote kwa kuwa gharama yake hukua kimyakimya. Jiji la Detroit, Marekani, lilipoomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwezi Julai 2013 likiwa na madeni yanayokadiriwa kufikia dola bilioni 18, takribani asilimia 40 ya taa zake za barabarani zilikuwa haziwaki.

Angalia pia kama pengo la mwaka huu linazibwa kwa akiba, maana akiba hutumika mara moja tu na pengo hurudi mwaka unaofuata. Usiyaruke maelezo ya mwisho wa hesabu, ambako kesi na madai yanayosubiri malipo hutajwa. Halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, iliyotangaza tarehe 5 Septemba 2023 kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, ilielemewa na madai ya malipo sawa kati ya wanawake na wanaume, pamoja na mfumo wa kompyuta uliogharimu mara kadhaa ya ilivyokusudiwa. Mwaka uliofuata wakazi walipandishiwa kodi kwa karibu asilimia 10, huku huduma zao zikipunguzwa.

Ukishaipata hoja yako, ipeleke kwa diwani na kwenye kamati husika kabla ya kikao cha baraza zima, kwani bajeti ikifika huko kwa kawaida makubaliano yamekwisha kufanyika. Uliza swali finyu lenye kifungu na kiasi: nafasi ngapi za wauguzi zimeachwa wazi, ni nani atakayekosa huduma, na tathmini ya athari hizo ipo wapi. Iwapo unataka kifungu kirejeshwe, pendekeza na mahali pa kutoa fedha hizo, kwa sababu diwani asiye na jibu la swali hilo hawezi kukutetea mbele ya wenzake. Omba majibu kwa maandishi, uyahifadhi, kisha uyalinganishe na taarifa ya matumizi ya robo ya kwanza ya mwaka itakapotoka.