Jinsi ya Kuomba Fidia Kenya Wanyamapori Wanapomaliza Malisho Yako

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 kinakuruhusu kudai fidia ya mazao, mifugo na mali nyingine iliyoharibiwa na wanyamapori. Nyasi za kujiotea hazikutajwa. Mfugaji wa Laikipia au Kajiado anayeandika tu "pundamilia wamemaliza nyasi" atapata shida kutetea dai lake. Aliyepanda nyasi za malisho kama boma Rhodes au nepia ana zao la kudai, basi aliandike kama zao, pamoja na tarehe aliyopanda na ukubwa wa shamba. Seng'enge zilizokatika na vigingi vilivyong'olewa ni mali. Viandike peke yake.

Mtambue mnyama kabla ya kufunga safari. Orodha ya wanaolipiwa kwa uharibifu wa namna hii ina pundamilia, nyumbu, pofu, nyati na ndovu. Swala tomi hayumo, hata wakija kundi zima.

Piga ripoti siku hiyohiyo katika kituo cha KWS (Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya) kilicho karibu, tukio liandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio, na uondoke na nambari yake. Mwarifu chifu pia. Usiingize ng'ombe wale mabaki kabla ya ukaguzi: kwato zao zitafuta alama zote, na afisa hataweza kujua nani alikula nini.

Alama zenyewe zinasema mengi. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, kwa hiyo hukata bua. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Huvuta nyasi kwa ulimi na kuziacha zimechanika. Ukwato wa pundamilia haukupasuka, ila punda naye ni vivyo hivyo, kwa hiyo kama jirani anafuga punda tafuta manyoya yaliyonasa kwenye seng'enge. Ukwato wa pofu hukaribia sana wa ng'ombe, lakini kinyesi chake ni vidonge. Nyati ndiye msumbufu, maana hata kinyesi chake hufanana na cha ng'ombe. Weka rula kando ya kila unyayo unapopiga picha.

Hasara ipimwe kwa kilo. Tengeneza fremu ya mita 1 kwa 1, kata nyasi zilizo ndani yake mahali kadhaa palipoliwa na kadhaa pasipoguswa, zikaushe, zipime. Tofauti ya wastani kwa gramu, ukizidisha kwa 10, ni kilo kwa hekta. Mfano: gramu 300 kutoa 120 ni 180, yaani kilo 1,800 kwa hekta, au takriban 720 kwa ekari. Kwa robota la kilo 15, hayo ni marobota 48. Mwite afisa wa kilimo wa kaunti athibitishe, kwa sababu makadirio yako peke yako hayana uzito. Fidia hufuata bei ya soko, hivyo ambatisha risiti za nyasi zilizouzwa eneo lako msimu huo.

Jaza fomu ya madai ya KWS, uambatishe nakala ya kitambulisho, nambari ya OB, picha, tathmini ya afisa na uthibitisho wa umiliki au ukodishaji wa shamba. Dai huenda kwa Kamati ya Kaunti ya Uhifadhi na Fidia ya Wanyamapori, ambayo hulihakiki na kutuma mapendekezo KWS.

Sheria inakataza kumlipa asiyechukua hatua za kutosha kujikinga, au ambaye matumizi yake ya ardhi yanapingana na mpango wa usimamizi wa eneo hilo. Picha za ua ulivyokuwa kabla ya uharibifu ni kinga nzuri kuliko maelezo marefu. Ukiwa ndani ya hifadhi ya jamii, usome mpango wake kwanza. Pengine kipande ulichozungushia ua kilitengwa kuwa njia ya wanyama.

Usiporidhika na uamuzi, una siku 30 tangu uarifiwe kukata rufaa katika Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Malipo huchelewa sana, wakati mwingine miaka, kwa hiyo omba nakala ya fomu iliyopigwa muhuri siku unayoiwasilisha.