Mkopo ukikataliwa na kompyuta: namna ya kudai mtu aupitie upya uamuzi huo

Jirani yangu wa Uyole, Mbeya, ambaye anauza viazi kwa jumla, aliomba mkopo kwa simu asubuhi moja kabla lori halijaondoka, na jibu likamfikia chai ikiwa bado moto: "Samahani, hukidhi vigezo kwa sasa." Vigezo vyenyewe havikutajwa, na ofisa aliyemfuata ofisini siku hiyo hiyo alimwambia kwamba "mfumo ndio umekataa", kana kwamba mfumo ni mvua ya mawe. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyejibiwa hivyo, iwe ni kuhusu mkopo, bima au ajira.

Kabla ya yote, usiufute ujumbe huo. Upige picha ukiwa na tarehe na saa, kisha uandike kando siku uliyotuma maombi na kiasi ulichoomba. Jibu lililorudi ndani ya dakika mbili ni dalili nzuri kwamba hakuna macho ya mtu yaliyopita hapo, na hilo utalihitaji baadaye. Hakikisha pia kwamba mkopeshaji ana leseni, kwa sababu mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini, na kumwandikia barua mtu asiyejulikana alipo ni kupoteza karatasi.

Haki unayoidai imo katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya akili mnemba peke yake, lakini kifungu chake cha 36 kinahusu maamuzi yanayofanywa na mitambo bila mkono wa mtu: uamuzi wa namna hiyo ukikugusa kwa uzito, unaweza kutaka uangaliwe upya. Ipo misamaha, hasa pale uamuzi unapohitajika katika kuingia mkataba au pale ulipotoa ridhaa, na wakopeshaji huikimbilia haraka kwa sababu sote hubonyeza "Nakubali" bila kusoma. Hilo lisikukatishe tamaa. Haki ya kujua ni taarifa zako zipi zinashikiliwa, na ya kutaka zilizokosewa zirekebishwe, imo katika sheria hiyo hiyo na inasimama yenyewe.

Barua kwa mkopeshaji iwe fupi. Maneno ya msingi yanaweza kuwa haya: "Ninaomba kujulishwa iwapo uamuzi wa kunikatalia mkopo ulifanywa na mfumo wa kompyuta pekee. Ikiwa ndivyo, naomba uangaliwe upya na ofisa mwenye mamlaka ya kuubadilisha. Naomba pia kuelezwa ni taarifa zangu zipi zilizotumika, na zilitoka wapi." Usiombe huruma, wala usisimulie ada za watoto, anayepokea barua hiyo anatakiwa kujibu maswali matatu.

Sehemu inayostahili jasho lako zaidi ni maelezo ya kipato, kwa kuwa hapo ndipo mashine hukosea kuhusu watu wa nyanda hizi. Viazi hukaa ardhini miezi mitatu hadi minne, na mkulima wa mpunga wa Mbarali anaweza kutegemea mavuno ya mara moja kwa mwaka. Fedha huingia kwa mkupuo, kisha akaunti inalala. Mfumo uliofundishwa kwa mishahara ya kila mwisho wa mwezi unaweza kuusoma usingizi huo kama biashara iliyokufa. Jirani yangu aliambatanisha nakala za daftari lake la mauzo ya misimu miwili, kurasa zenye alama za vidole vya udongo, akapigia mstari miezi ya kupanda na kuandika pembeni: "mbegu na mbolea". Tulipokuwa tukiandaa barua tuligundua pia kwamba nusu ya malipo yake yalipitia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanawe, kwa hiyo kwa mashine biashara hiyo ilikuwa nusu ya ukubwa wake. Kagua jambo hilo mapema.

Omba vilevile taarifa yako ya mikopo kutoka kampuni ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu. Deni lililokwisha kulipwa lakini likabaki limeandikwa kuwa wazi ni kosa ambalo barua, hata iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kulifuta, mpaka rekodi yenyewe isahihishwe.

Peleka barua kwa mkono ukiwa na nakala mbili, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp kwa ofisa unayemfahamu hautoshi, maana ofisa huhamishwa, na simu yake huondoka naye.

Wakinyamaza, au wakikujibu tena kwamba "mfumo umekataa", malalamiko kuhusu taarifa zako yaende kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na yale yanayohusu mwenendo wa mkopeshaji mwenye leseni yaende Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mbeya mjini. Ambatanisha picha ya ujumbe wa kwanza na kivuli cha ile nakala yenye muhuri. Nakala halisi ubaki nayo nyumbani.