Kabla ya kwenda shabaha, ijue sefti ya bunduki yako

Kwenye uwanja wa shabaha kuna kauli mbili za kuogopa: "hiyo haina kitu" na "usijali, nimeweka sefti", yaani kizuizi cha kuifanya bunduki isilie. Ya kwanza unaipima papo hapo kwa kufungua bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, na kutazama ndani ya chemba inamokaa risasi. Ya pili ina mtego, kwa sababu unachokiona ni kitasa kidogo kilichosogea, na kazi yenyewe inafanyika ndani usikoona. Ndiyo maana maandalizi ya siku ya shabaha yanaanzia nyumbani, siku kadhaa kabla, bunduki ikiwa tupu na risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine.

Swali la kwanza la kujiuliza: sefti yangu inazuia nini? Bunduki hazifanani. Mauser ya mwaka 1898, ambayo mfumo wake bado unatumika kwenye bunduki nyingi za uwindaji, ina bawa nyuma ya bolti. Likilala kushoto, bunduki iko tayari kufyatua. Likisimama wima, pini inayoigonga risasi imezuiwa lakini bolti inafunguka. Likilala kulia, pini na bolti vyote vimefungwa. Ubora wake ni kwamba inaikamata pini yenyewe, tena inairudisha nyuma kidogo ili isiegemee triga kabisa. Winchester Model 70, iliyoingia sokoni mwaka 1936, nayo ina hatua tatu kwa mantiki hiyohiyo. Ile hatua ya katikati ndiyo ya thamani, maana inakuruhusu kutoa risasi huku sefti ikiwa bado imewekwa.

Nyingine hazina wema huo. Kuna zinazozuia triga tu, au kile kipande kinachoishikilia pini, na pini yenyewe, au nyundo inayoigonga, inabaki na springi iliyokazwa nyuma yake. SKS, bunduki ya Kisovieti inayojipakia yenyewe, ni mojawapo ya zile zinazozuia triga peke yake. Isitoshe, pini yake inaelea tu ndani ya bolti, na ikikwama mbele kwa uchafu au grisi ya zamani, bolti ikijifunga inaweza kuigonga risasi bila mtu kugusa triga. Sefti hapo haina la kusema. Kwa askari wa wanyamapori anayebeba AK, jambo la kukumbuka ni mpangilio wa kitasa cha upande wa kulia: juu ni salama, katikati ni mfululizo, chini kabisa ndiyo moja moja. Anayekishusha kwa haraka akaishia njiani atapata asichokitarajia.

Kesi ya kujifunzia zaidi ni ya Remington 700, bunduki ya Marekani iliyotoka mwaka 1962 na ambayo wageni wengi wa uwindaji huja nayo hata huku kwetu Tanzania. Triga yake ya awali ina kipande kidogo cha chuma kinachokaa kati ya triga na kishikilia pini. Kila ukivuta, kipande hicho husogea kidogo kisha kinatakiwa kurudi mahali pake. Kikizuiwa na mchanga, kutu au mafuta yaliyoganda, hakirudi sawasawa, na kishikilia pini kinakosa pa kuegemea. Wakati huo kinachoizuia pini ni sefti tu. Ukiitoa sefti, bunduki inalia, na kidole chako kiko nje kabisa ya triga. Kumbukumbu za kampuni zilizofika mahakamani zilionyesha kwamba Mike Walker, mhandisi aliyeibuni triga hiyo, alipendekeza marekebisho tangu mwaka 1948, wakati triga hiyo ilipokuwa kwenye bunduki zilizoitangulia 700.

Sasa ongeza hili: kwa zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1982, sefti ikiwekwa bolti nayo inajifunga. Ili utoe risasi, sharti kwanza uitoe sefti. Yaani mtu anapofanya jambo la busara kabisa, la kuondoa risasi kwenye bunduki, ndipo anapolazimika kupita kwenye dakika ya hatari. Mwaka 1982 kampuni iliacha kuweka kufuli hiyo ya bolti kwenye bunduki mpya, lakini za zamani ziliendelea kuzunguka. Triga mpya ya XMark Pro nayo ilirudishwa kiwandani Aprili 2014, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuleta tatizo la namna hiyo. Simtaki mtu aitupe Remington yake. Nataka ajue ni ya mwaka gani na ina triga ipi kabla hajakaa nayo mezani karibu na watu wengine.

Kipimo cha nyumbani kinachukua muda mfupi, na naona ajabu watu wanavyokiruka. Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba, kisha ingiza kidole ukahakikishe kwa kugusa, maana macho hudanganya penye mwanga hafifu. Elekeza mtutu mahali ambapo hata risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Funga bolti, weka sefti, vuta triga kwa nguvu ya kawaida, achia. Ondoa kidole kabisa. Sasa toa sefti taratibu, ukisikiliza. Ukisikia "tik", pini imeanguka yenyewe, na bunduki hiyo haiendi popote ila kwa fundi. Rudia mara kadhaa, kwa sababu tatizo la namna hii huja na kupotea. Halafu funga bolti kwa nguvu ya mtu mwenye haraka, uone kama pini inabaki nyuma. Mwisho gonga kitako kwenye mpira au zulia nene, kwanza sefti ikiwekwa, kisha ikitolewa. Pini isianguke popote katika hayo.

Usafi unahusika moja kwa moja. Pwani adui ni kutu ya hewa ya chumvi. Dodoma na Singida ni vumbi laini linaloingia kila mahali. Kosa la kawaida ni kumimina mafuta mengi ndani ya triga kwa imani kwamba mafuta ndiyo matunzo. Yakikaa miezi yanashika vumbi na kuwa kama gundi. Triga huoshwa kwa kimiminika kinachokauka chenyewe, ikabaki karibu kavu. Na kama bunduki umeinunua kwa mtu, uliza kama kuna fundi aliyewahi kuilegeza triga. Skrubu iliyozungushwa zaidi ya kipimo inakiachia kishikilia pini sehemu ndogo mno ya kuegemea, na hapo hata kipimo cha kugonga kitako kinaweza kuiangusha pini.

Siku yenyewe, kibali kiwe mfukoni, bunduki isafiri ndani ya mfuko wake, bolti ikiwa imetolewa kama inatoka, risasi zikiwa kwenye boksi tofauti. Ukifika, muulize msimamizi amri zake kabla ya mlio wa kwanza. Mtu aliyevaa vizibo vya masikio hasikii vizuri, kwa hiyo mjue pia ishara ya mkono ya kusimamisha kila kitu. Viwanja vingine hudai bendera ndogo ya rangi kali iingizwe kwenye chemba muda wote ambao hufyatui. Mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, yanaitaka. Hata pasipodaiwa, mimi huipenda, kwa sababu aliye mita kumi anaiona bila kukuuliza.

Jambo ambalo wazoefu wengi hulipuuza ni kwamba kwenye meza ya shabaha sefti karibu haihitajiki. Hutembei porini, huruki makorongo. Bolti iwe wazi mpaka mtutu umeelekea kwenye tuta la kuzuia risasi na amri imetolewa, ndipo uingize risasi moja na kufunga. Kidole kikae pembeni ya mbao ya bunduki, nje ya triga, hadi shabaha imekaa sawa. Watu wanapokwenda kubadilisha karatasi, bolti wazi, magazini nje, na wewe urudi nyuma ya meza bila kugusa chochote, hata darubini. Anayetaka "kurekebisha kidogo tu" wakati wenzake wako mbele afukuzwe uwanjani, hata kama ndiye aliyelipia chai.

Ukivuta triga isilie, usifungue bolti haraka. Baki umeelekeza kwenye tuta, hesabu angalau sekunde 30, kwa maana risasi nyingine huchelewa kulipuka. Kisha fungua ukiwa umeuweka uso pembeni.

Na bunduki ikilia yenyewe, iwe wakati wa kufunga bolti au wa kutoa sefti, shikilia mtutu hapohapo ulipo. Usiijaribu tena kwa risasi "ili kuhakikisha". Toa zilizobaki, acha bolti wazi, mwambie msimamizi waziwazi kilichotokea na ulikuwa unagusa nini. Usiisafishe kabla ya fundi kuiona, kwa kuwa uchafu uliomo ndio ushahidi wa kwanza atakaoutafuta. Mpelekee pamoja na boksi la risasi ulizokuwa unatumia.