"Charge": kutozwa, kushtakiwa au kuongoza?

Ukisikia "we'll charge you", tazama kwanza anayesema. Mwenye duka atakutoza pesa. Polisi atakufungulia mashtaka. Kinachofuata neno hilo ndicho kinachoamua: "charged for" ni kutozwa malipo ya kitu, "charged with" ni kushtakiwa kwa kosa. "Without charge" ina mtego wake. Kwa fundi ni bure, kwa polisi ni bila kufunguliwa mashtaka.

Kwenye fomu, makosa hapa ni ya hatari. Kukamatwa ni "arrested", kushtakiwa ni "charged", kutiwa hatiani ni "convicted", na kila moja huulizwa kivyake. England na Wales, polisi kwa kawaida wana saa 24 za kumshikilia mtu kabla ya kumshtaki au kumwachia. Fomu ikiuliza kama umewahi kuwa "charged" na uliwahi kushtakiwa, jibu ni ndiyo, hata kama ulishinda kesi.

Wenye magari Uingereza hukutana na PCN, vifupisho vya barua mbili tofauti. "Penalty Charge Notice" hutolewa na mamlaka kama halmashauri, na ni adhabu ya kisheria. Ile inayobandikwa kiooni na afisa wa maegesho hupungua kwa nusu ukilipa ndani ya siku 14. "Parking Charge Notice" hutoka kampuni binafsi. Kisheria ni dai kwamba umevunja masharti ya eneo lao, si faini ya serikali. Zinafanana makusudi, usiniambie vinginevyo. Lakini usiitupe hiyo ya pili: kata rufaa kwa kampuni kwanza, kwa maandishi na picha. Ukinyamaza wanaweza kwenda mahakamani, na hukumu usiyoilipa hukaa miaka 6 kwenye rekodi yako ya mikopo.

Mgahawani, "discretionary service charge", mara nyingi asilimia 12.5, ni hiari. Omba iondolewe kabla ya kulipa. "Service charge" ya mwenye fleti haina hiari: ni gharama za paa, ngazi na lifti za jengo zima.

Marekani, "public charge" haihusu ada yoyote. Ni mhamiaji anayeonekana ataishi kwa kutegemea serikali, na anaweza kunyimwa "green card", yaani kibali cha kuishi huko kwa kudumu, kwa sababu hiyo. Ndiyo maana anayemwombea ndugu kibali hicho hujaza fomu I-864 ya kuahidi kumtegemeza, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, kwa walio wengi.

Walio kwenye kazi za uuguzi na ulezi wachunge kitu kidogo. "The nurse in charge of Mary" ni muuguzi anayemsimamia Mary. "Mary is in the charge of the nurse" ni Mary yuko chini ya muuguzi. Ukiidondosha "the" iliyo kabla ya "charge" katika ripoti ya zamu, mgonjwa ndiye anakuwa bosi. Na usiandike "the in-charge" kama tulivyozoea nyumbani. Andika "the person in charge", au "charge nurse" kama ndicho cheo chake.