Mkabidhi mtoto mche ulio wake
Mzazi au mlezi wa Moshi anayetaka mtoto wa miaka 4 hadi 6 ajifunze kutunza mazingira atafanikiwa zaidi akimkabidhi mche mmoja ulio wake kuliko akimhutubia kuhusu misitu ya Kilimanjaro, ambayo kwa umri huo ni jambo la mbali, hata kama mlima wenyewe unaonekana kutoka uani. Masika yanapoanza, kwa kawaida mwezi Machi, tafuta kopo lililokwisha kutumika, ulitoboe matundu chini, kisha mtoto mwenyewe alijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza na afukie mbegu za papai. Parachichi nalo linafaa, ila huchelewa kuota, na mtoto mdogo hana subira hiyo.

Mfundishe kuchomeka kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia. Ukiwa bado una unyevu, maji yabaki ndooni. Hapo ndipo anapotambua kwamba maji hayamwagwi ovyo, jambo ambalo wazee wa vihambani, yaani mashamba ya Wachagga yanayozunguka nyumba, walilielewa vyema, kwa kuwa maji ya mfongo, mfereji wa jadi wa kumwagilia, yaligawiwa kwa zamu. Maji yaliyooshea mboga yanatosha kabisa.

Kosa tunalolifanya wengi, nami nikiwamo, ni kumwagilia kwa siri pale mtoto anaposahau. Acha majani yalegee kidogo, kisha mwulize anadhani mche wake unahitaji nini. Ukifa, apande mwingine katika kopo lile lile.