Kabla hujatundika lebo, kaa kwenye kiti

Mkiandaa maonyesho ya historia ya watu wenye ulemavu, iwe makumbusho au mradi wa mtaani tu, kabla hamjatundika kitu ukutani kaa kwenye kiti usome lebo ukiwa hapohapo, ukiona unanyoosha shingo ujue wa kiti cha magurudumu hasomi kitu, shusha. Video weka maandishi chini na mkalimani wa lugha ya alama.

Halafu vioo jamani! Louis Braille, kipofu mwenyewe, alibuni maandishi ya nukta za kusomwa kwa vidole 1824 akiwa na miaka 15 tu, leo unakuta stori yake imefungiwa kwenye kioo, kipofu anagusa nini sasa? Inauma kwa kweli. Tengenezeni nakala ya kushikwa, na kama mnaonyesha fimbo au mguu wa bandia wa zamani, aliyeutumia asimulie kwa sauti yake, mrekodini.