Siku ya mapumziko ufukweni Shangani, Mtwara, pamoja na watoto

Panga siku kwa kufuata maji, si saa ya chakula. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa jioni karibu saa kumi. Basi asubuhi, kabla ya saa nne, watoto watembee kwenye maji ya goti, jioni waogelee. Maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ratiba ya leo haitafaa wiki ijayo: waulize wavuvi, wao hawakosei.

Miguuni vaa viatu vya plastiki vyenye kamba. Kandambili huchomoka mguuni majini, na mguu mtupu hukanyaga shokomzoba, mnyama wa baharini ambaye miiba yake hukatikia ndani ya ngozi.

Tandika mkeka chini ya mti wa mkungu. Chini ya mnazi hapana, nazi huanguka bila taarifa. Kuanzia saa nne hadi saa tisa watoto wakae kivulini, wamevaa kofia na shati la mikono mirefu.

Beba maji, lita mbili kwa kila mtu mzima. Madafu ni mazuri, lakini hayatoshi peke yake. Mtoto akianza kuharisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi humdhuru, hivyo pima kwa kijiko, usikadirie kwa mkono.

Pweza wa kukaanga na muhogo nunua vikiwa vya moto.